Jina Kwenye Ukuta wa Kidato cha Pili

Mwalimu huyo alinikosea heshima siku ya kwanza alipokanyaga boma langu, na kwa miaka yote iliyofuata hakuacha. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo muulizeni mwenyewe. Mimi sikuuliza. Huku kwetu karibu na Kamukuywa watu walimwita Mwalimu tu, kana kwamba ile shule ya kutwa haikuwa na walimu wengine, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake sitaliandika. Yeye ndiye alipenda kuandika majina ya watu.

Siku hiyo nilikuwa ninaanika maharagwe. Alikuja na gamubuti miguuni, na mvua haikuwepo, wanafunzi wengi nyuma yake wakiwa na madaftari. Hakupiga hodi. Alisimama chini kabisa ya shamba langu, pale miti yetu ya blugamu ilipo, akachota udongo, akaunusa, akaulamba. Akatema. Ndipo akapanda kuja nilipokuwa.

"Mama, habari ya asubuhi. Pale chini palikuwa na kisima?"

"Habari ni nzuri," nikamwambia. "Na boma hili lina mlango. Uko pale mbele."

Wanafunzi walicheka. Yeye pia alicheka, na hilo ndilo lilinikasirisha zaidi. Mtu ukimtukana anapaswa kuumia kidogo.

Alikuwa mwalimu wa historia. Sisi tuliosoma kidogo, mimi nilifika darasa la tatu, tulijua historia ni mambo ya wazungu na machifu na vita. Yeye alifundisha historia ya maji. Historia ya udongo. Ati mlima ulikuwa na nywele, nani aliunyoa? Ati mto ulikuwa unapita hapa, nani aliufukuza? Watoto walirudi nyumbani jioni wakiwa na maswali badala ya majibu, na maswali yenyewe yalikuwa ya kuwauliza wazee wao. Ukimtuma mtoto kuni, anakuuliza zamani ulikuwa unaziokota wapi. Ukimtuma maji, anataka kujua bibi yako aliteka wapi. Unataka tu mtoto alete maji!

Wazazi walilalamika. Katika mkutano wa shule baba mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nilimleta mtoto asome historia. Sasa ananiuliza ng'ombe wa babu yangu walikuwa wanakunywa maji wapi. Hiyo ndiyo itampeleka chuo?"

Mwalimu alimwuliza, "Walikuwa wanakunywa wapi?"

Yule baba akafikiri. "Sijui basi."

"Keti, mzee. Mtoto amekupita."

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Kumfedhehesha mtu mzima mbele ya mke wake ni ujinga hata kama una digrii mbili.

Tabia zake nyingine ni hizi. Alitembea na viazi vitamu vibichi mfukoni, akavitafuna kama panya. Alikuwa anaingia jikoni kwa mtu na kuangalia kuni kwanza, kabla ya kumsalimu anayepika. "Hii ni blugamu. Hii ni ya kahawa. Hii mmeitoa wapi?" Chai hakuimaliza hata mara moja, alibakisha nusu kikombe ikapoa, kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Na hakuruhusu mwanafunzi kufuta kosa. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya neno, neno libaki likisomeka, halafu unaandika la kweli kando yake. Mjukuu wangu Nasimiyu, niliyemlea mwenyewe, alikuwa na madaftari yaliyojaa mistari kama shamba lililolimwa na mlevi. Nilimwuliza kwa nini hafuti kama watoto wengine.

"Mwalimu anasema ukifuta, mtu hatajua ulikuwa unaamini nini jana."

"Na nani anataka kujua ujinga wako wa jana?"

"Mwalimu," akasema. Hakuwa anacheza.

Kitu ambacho kilimpa sifa kuliko vyote ni ukuta. Darasa la Kidato cha Pili, ukuta wa nyuma, alichora ramani ya kijiji chetu kutoka kilimani hadi mtoni, kwa rangi iliyobaki walipopaka lango la shule. Kila mahali palipokuwa na kisima, kinamasi au kichaka cha zamani, wanafunzi waliandika jina lake la zamani, halafu kando yake kilichotokea na aliyefanya. Hakumwogopa mtu. Hapa palikuwa kinamasi, watu wa kanisa wakachimba mfereji. Hapa palikuwa miti mikubwa, ikakatwa na baba ya mwenyekiti wa shule. Hata shule yenyewe aliiandika: uwanja wa mpira ulikuwa kisima, kikafukiwa.

Na chini ya shamba langu, kwa herufi nyeupe: kisima cha nyumba nne, kilikauka kwa sababu ya blugamu. Mpandaji, fulani. Huyo fulani alikuwa mume wangu, marehemu.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu sana. Mzee wangu hakupanda miti ile. Niliipanda mimi.

Asiye wa kwetu ataona si kitu. Kwetu mwanamke anapanda mahindi, anapanda maharagwe na mboga, lakini mti hapandi. Mti ni alama ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi ni mwanamume. Mwanamke akipanda mti wanasema anamchimbia mume wake kaburi. Mimi nilijua hivyo, mama yangu alinifundisha hivyo. Lakini mzee wangu alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mahindi upande wa Kitale, anarudi mwisho wa mwezi, na kuni nilikuwa ninazifuata mbali, hadi pembeni ya msitu wa serikali. Siku moja askari wa msitu walinikamata. Walininyang'anya panga na kamba, wakanipigisha magoti na mimba yangu ya miezi saba. Wiki hiyo hiyo kwenye baraza ya chifu wakagawa miche ya blugamu. Walisema inakua haraka, inakunywa maji mengi, ipande mahali penye unyevu. Nilichukua ya mzee wangu. Mvua ikanyesha mchana, watu wakajifungia ndani, nikateremka kisimani na jembe nikapanda yote.

Mzee wangu aliporudi aliiangalia, akaniangalia. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Akasema, "Wakiuliza, ni mimi. Nilipanda Jumapili nilipokuja." Hakusema kingine, na hatukulizungumza tena hadi alipokufa.

Kuni nilipata. Miaka michache baadaye kisima kilianza kutoa tope, halafu kikanyamaza. Wake wa nyumba nyingine tatu wakaanza kupanda na kushuka na mitungi hadi mtoni. Jirani yangu mmoja aliacha kunisalimu, na mpaka leo akipita anaangalia upande wa pili. Mzee wangu alipokufa, sasa ningesemaje? Wangesema mke ndiye alimchimbia. Nikaacha lawama ilale kwake. Wafu hawapigwi na jirani.

Ndiyo maana nilimchukia Mwalimu. Si gamubuti, si viazi. Alikuwa anachimba karibu na mahali nilipofukia.

Mwaka Nasimiyu alipokuwa Kidato cha Pili, Mwalimu aliniita darasani. Alikuwa na mtindo wa kuwaita wazee, anawakalisha kwenye kiti mbele, wanafunzi wanauliza, yeye anakaa nyuma kimya. Nilikwenda kwa sababu nisingekwenda wangesema ninaogopa. Nilivaa kitambaa changu cha kanisani. Nasimiyu alikaa mstari wa pili, mabega yamemwinuka, kwa sababu ananijua.

Waliuliza kisima kiliitwaje. Nikawaambia. Waliuliza maji yalikuwa na ladha gani. Nikawaambia, baridi, yenye chumvi kidogo, na ng'ombe waliyapenda. Halafu Mwalimu akauliza kutoka nyuma, ingawa zamu haikuwa yake.

"Mama, ile blugamu nani alipanda?"

"Mzee wangu."

"Ulimwona akipanda?"

Nikamgeukia. "Mwalimu, wewe ukiwa mtoto ulipikiwa na nini? Na historia?"

Watoto wakaangua kicheko. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimewasha moto na nilitaka uwake. "Wewe umewahi kubeba mzigo wa kuni kichwani na mtoto tumboni? Askari amewahi kukupigisha magoti? Mnakuja hapa kutuhukumu na madaftari. Mama yako alipika ugali kwa jua?"

Alinyanyuka. Nilifikiri atanijibu. Alipita katikati ya madawati, akachukua chaki, akaandika ubaoni: KUNI. ASKARI WA MSITU. MICHE YA BURE. Akawaambia, "Andikeni. Hii haimo kwenye kitabu chochote. Mama, endelea."

Nilikuja kumpiga, naye akanifanya somo.

Siku iliyofuata nilimwona kutoka jikoni, yuko kwenye blugamu na wale wanafunzi, wanatembea kutoka mti hadi mti wakihesabu hatua kwa sauti. Halafu wakapanda mpakani, kwenye ile miti ya zamani aliyopanda mzee wangu, wakahesabu tena. Niliona ni upuuzi. Nilimtuma Nasimiyu awaambie wasikanyage maharagwe. Wiki hiyo ndipo jina la mzee wangu lilipoandikwa ukutani.

Nikisema sikuwahi kumwona akitenda mema, nitakuwa nimedanganya mara ya pili, na moja inatosha. Nasimiyu alipougua homa ya matumbo, Mwalimu alikuja kila Jumamosi kwa miguu. Alimletea noti za wiki nzima, ameziandika kwa mkono wake, za masomo yote, hata ya wale walimu wengine. Alimkalisha kwenye mkeka nje akamweleza polepole. Nilimpa chai. Alibakisha nusu.

Lakini mtu huyo huyo nilimkuta Saboti. Dada yangu ameolewa huko, nilikwenda kumwona, nikapita sokoni. Nani yuko pale kwenye magunia ya makaa, anagonga kipande kwa kidole asikie kama ni kigumu? Mwalimu wa historia ya miti. Nikasimama nyuma yake.

"Haya makaa ni ya mlimani, ama nimekosea?"

Aligeuka, uso ukamshuka. "Mama."

"Usiniambie mama. Niambie mlima umenyolewa na nani."

Muuza makaa akacheka. Mwalimu akajifuta vidole kwa suruali. "Mke wangu anasema makaa ya huku hayatoi moshi," akasema.

"Mwandike ukutani."

Na unajua? Aliandika! Nasimiyu aliniambia wiki hiyo hiyo. Pembeni ya ramani, juu kabisa mlimani, aliandika jina lake mwenyewe: mnunuzi wa makaa. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi niliona ni majivuno. Kuna watu wanaojitukana ili uone jinsi walivyo wazuri. Tena aliendelea kuyanunua.

Alistaafu, akahamia kwa binti yake Kitale. Nilishukuru. Nilifikiri walimu wapya watapaka ule ukuta rangi, yaishe. Hawakupaka. Mwaka huu Nasimiyu, aliyekuwa chuo cha ualimu, ameletwa kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule ile ile, somo lile lile, darasa lile lile. Jioni ya wiki ya kwanza alikuja jikoni kwangu akakaa kwenye kigoda, hajavua hata viatu vya kazi.

"Kukhu," akasema, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, "leo nimefundisha ramani. Mtoto mmoja ameniuliza huyu aliyekausha kisima ni nani. Nimemwambia ni babu yangu."

"Ukasema hivyo?"

"Nifiche? Niliwaambia nyumba nne zilikosa maji kwa sababu babu yangu hakuuliza mtu. Mwalimu alitufundisha tusiwafiche wetu."

Niligeuza ugali. Niliugeuza sana, ukashika chini. Nasimiyu hakumjua babu yake. Hakumwona akiinama mlangoni ili asigonge kichwa, hakumwona akinibebea mtungi gizani ili wanaume wenzake wasimcheke. Kitu kimoja tu anachokijua ni hicho cha ukutani, na sasa anakifundisha kwa watoto wa watu, na mwakani kwa wengine.

Asubuhi nilikwenda Kitale.

Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, mahindi yameanikwa kwenye turubai ua mzima, yeye yuko kwenye kiti na kijiti cha kufukuza kuku. Amekonda. Goti moja limefungwa kitambaa. Gamubuti bado.

"Mama wa blugamu," akasema. Hata salamu hakunipa.

Sikukaa. Nilivua viatu nikaingia kwenye turubai nikaanza kugeuza mahindi kwa mguu, kwa sababu yalikuwa yamekaa vibaya na siwezi kuzungumza na mikono mitupu. Nikamwambia bila kumwangalia. "Mzee wangu hakupanda ile miti. Nilipanda mimi."

Kuku alikuja, hakumfukuza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Miti ya mpakani, aliyopanda mzee wako, kati ya mti na mti ni hatua ndefu. Mtu mrefu. Ile ya kisimani ni hatua fupi, zote sawa, kama za mtu wa kimo chako aliyezoea kupanda maharagwe. Tulipima na watoto. Wao waliona ni namba tu. Sikuwaambia."

Nilisimama katikati ya mahindi. "Ulijua, na ukaacha jina la mtu ambaye hakufanya?"

"Niliandika alichosema shahidi. Shahidi alikuwa wewe."

"Si ungeniuliza!"

"Nilikuuliza mbele ya watoto kama ulimwona akipanda. Ukanipiga na kuni."

"Miaka yote hii mzee wangu yuko pale, anasemwa. Mjukuu wake mwenyewe anamsema!"

"Mama, mimi nilishika brashi tu. Wewe ndiye ulimweka pale."

Mkono wangu ulinyanyuka, nasema kweli. Nilikuwa na umri wa kumpiga mtu na yeye alikuwa na umri wa kupigwa. Nikaushusha nikaokota gunzi nikamtupia kuku.

"Basi vaa koti twende," nikamwambia. "Utaenda kulifuta ulivyoliandika."

Akatikisa kichwa. "Ule ukuta una mwalimu wake sasa. Ni mjukuu wako. Kamwambie yeye."

"Unaogopa?"

"Goti linauma," akasema, halafu akaniangalia na yale macho ya darasani. "Na wewe je?"

Binti yake alitoka na mahindi ya kuchoma kwenye sahani, ananikaribisha vizuri, mtoto mwenye adabu, hakuipata kwa baba yake. Nilimshukuru, nikavaa viatu, nikaondoka bila kula. Huko kwetu ukifanya hivyo umemwambia mtu kila kitu. Mwalimu alielewa. Aliinua kile kijiti kidogo, kama mtu anayeaga, ama anayefukuza kuku. Hata sasa sijui.

Nasimiyu nilimwambia jioni hiyo hiyo. Alilia, halafu akakasirika, halafu akaniuliza kwa nini. Nikamwambia akiniuliza kwa nini aniulize darasani, mbele ya wale aliowadanganya kwa sababu yangu, nisije nikalirudia mara mbili.

Kwa hiyo nilikaa tena kwenye kile kiti, na kitambaa kile kile cha kanisani. Niliwaeleza yote, kutoka panga la askari hadi mvua ya mchana. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono.

"Kukhu, si wanasema mwanamke akipanda mti mume wake anakufa?"

"Wanasema."

"Na wako alikufa?"

Nasimiyu alitaka kumnyamazisha. Nikamzuia. "Alikufa, kwa kifua, na ile miti ilikuwa imekatwa mara mbili na kuota tena. Wa jirani yangu alikufa pia, na mke wake hajapanda hata ua. Andika hiyo."

Akaandika. Wote waliandika, na hakuna aliyecheka.

Nasimiyu alikuwa ameleta rangi kidogo kwenye kopo na kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Alipanda kwenye dawati, akaanza kusugua jina la babu yake. Nikamshika mguu.

"Usifute. Piga mstari mmoja, lisomeke."

Aliniangalia kutoka juu, na nikaona anataka kutabasamu, na nikajua anamfikiria nani. Nikamwambia akithubutu kumpigia simu yule mzee wa Kitale ampe habari hii, asikanyage jikoni kwangu tena. Halafu nikamwambia ashuke, nikapanda mimi, nikaomba brashi.